Pini ya Shingo ya Mzee Gallus

Msibani kwa Mbano walikuwa wanasema marehemu amekasirika. Fundi Winfrida Komba alipofungua kifuniko cha shingo yake ya chuma, alikuta kinachokosekana ni pini tu.

Aliangalia tena, maana fundi mwenye akili haamini jicho lake la kwanza. Akaisogeza shingo karibu na dirisha, akapuliza vumbi, akaingiza ncha ya bisibisi kwenye tundu la chini la kifundo cha pili. Ncha ikazama bila kugusa kitu. Pini ya shaba inayokaa pale haizidi punje ya mahindi, lakini ndiyo inayokishika kifundo ili kamera iliyo juu yake ipande, ishuke, igeuke kulia na irudi. Isipokuwepo, waya wa ndani huvuta upande mmoja, kamera ikaangukia kushoto na kubaki hukohuko, kama kichwa cha mtu aliyesinzia kanisani.

Na kushoto kwa kiti cha marehemu, kwa desturi, hukaa aliyemuuguza.

"Vipi, fundi?" aliuliza Odilo Mbano, mdogo wake marehemu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, asitake kuingia wala kuondoka. "Iko nzima? Mimi nilikuita uniandikie cheti cha kusema hivyo tu. Kesho tunaanua matanga."

"Subiri kwanza, mzee wangu. Nani aliifunga hii kwenye stendi?"

"Mtani. Mzee Kikoti, yule Mhehe wa Matogoro. Si ndiyo desturi? Lakini tulimwambia mapema: funga shingo, keti, kula, nyamaza. Watoto wa kaka waliotoka mjini hawataki makelele ya utani. Walitaka msiba wa heshima."

Winfrida alikuwa Mngoni wa kuzaliwa na alishaona watani wakifanya kazi. Babu yake alipozikwa, mtani alivaa koti la marehemu, akakalia jembe la kuchimbia kaburi na kukataa kuinuka mpaka apewe pombe ya komoni. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Kwa hiyo alianza kuhisi pini ilikokwenda.

Kamera yenyewe haikuwa na maana. Kamera ziliuzwa Songea mjini katika kila duka, sawa na betri. Kilichombeba mtu ni shingo. Uzee ulipoanza kubisha hodi, mtu alivishwa mkufu mwembamba, nao ukajifunza namna anavyogeuza kichwa: akimwona mkewe anatazama wapi, akiona mlango unafunguka anafanyaje, akikosewa anaangalia chini au anaangalia dari. Akifa, mafunzo yale yalihamishiwa kwenye shingo ya chuma, shingo ikafungwa juu ya stendi ya miguu mitatu, na stendi ikasimamishwa nyuma ya kiti chake watu wakikaa kikao. Shingo haikuwa na mawazo wala masikio. Ilijua mazoea, na mazoea ya siku za mwisho yalikuwa na nguvu kuliko mengine yote. Mafundi walisema hivyo kila siku, na watu waliitikia kwa adabu, kisha wakaenda kukaa mbele ya shingo na kutetemeka.

Otilia, binti wa marehemu, aliingia na sinia ya chai. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, na alitembea akiambaa ukuta katika nyumba aliyozaliwa. Aliweka kikombe kimoja mbele ya fundi na kingine mbele ya baba yake mdogo, akarudi jikoni. Odilo alichukua kisahani akakifunika kikombe chake. Hakukigusa tena.

"Mnafanya hivyo tangu lini?" Winfrida aliuliza.

"Tangu kaka alipoanza kumtazama." Odilo alishusha sauti. "Kila kikao, fundi! Tunaketi, tunawasha, anamgeukia huyu na habanduki. Mimi simchukii. Nimembeba mgongoni huyu mtoto. Lakini aliyemuuguza kaka ni yeye, aliyempa dawa ni yeye, na aliyekuwa naye chumbani alipokata roho ni yeye peke yake. Nikipita hapa sebuleni naiona ile kamera imeikodolea stuli yake hata ikiwa tupu. Siwezi kunywa chai yake. Nijifanye siogopi?"

"Na kesho akitazamwa tena?"

"Ataondoka. Nyumba ataiacha, ukoo utalifuta jina lake, na kaburini kwa baba yake hatakanyaga. Ndivyo tulivyokubaliana, na ndivyo wanavyofanya wengine."

"Pini imekosekana, mzee wangu. Hii shingo haimtazami mtu. Inaanguka tu."

Odilo aliikazia macho ile shingo kwa muda. Usoni alikuwa na kitu kama nafuu, lakini hakikukaa. "Basi itengeneze," alisema. "Bila shingo hakuna kikao, na bila kikao matanga hayaanuliwi. Watu wamekuja na treni kutoka Mbamba Bay. Itengeneze, tujue anasema nini kweli."

Winfrida alimaliza chai yake yote, kwa makusudi, mbele ya Odilo. Ilikuwa chai nzuri ya tangawizi.

*

Mzee Kikoti alikuwa uani kwake, anasuka tenga la kuku. Hakuinua uso aliposikia hodi.

"Kama ni Mngoni, panya wa kitoweo wamekwisha. Kama ni mtu, karibu."

"Kama ni Mhehe, mbwa wetu nimemwacha nyumbani," Winfrida alijibu. "Nampenda."

Mzee akacheka, meno machache, akasukuma kigoda kwa mguu. Walijuliana hali. Mzee aliulizwa habari za mgongo akasema umehamia magotini. Kisha Winfrida akauliza bila kuzunguka: "Mtani, ulipofunga shingo ya Mzee Gallus, ulichukua nini?"

Uso wa mzee uling'aa. "Hatimaye! Nilijua atakuja mtu. Ingawa nilidhani atakuja na kuku." Alitoa leso mfukoni, akafungua fundo la pembeni kwa vidole vizito. Pini ya shaba ilikuwa mle, imeng'arishwa mpaka inawaka. "Nilijisemea, nitachukua kidude kidogo wasichokihitaji sana. Urembo tu. Nikae nacho mpaka waje kukikomboa."

"Hawakuja."

"Hawakuja." Aliitazama pini. "Sikia, mtani. Gallus na mimi tulikubaliana tangu ujana wetu: atakayetangulia, mwenzake atamchekea kaburini. Nikasimama pale na hiki mfukoni, nakohoa. Nikapaza sauti, 'Jamani, kuna marehemu kaibiwa hapa!' Kijana mmoja mwenye miwani akanishika mkono akaniambia, 'Mzee, heshimu msiba.' Nikaenda zangu nyumbani. Mtani halii kabla hajachekesha. Kilio changu mpaka leo kimekwama hapa." Akajigusa koo.

Winfrida alimweleza. Alieleza kuhusu waya unaovuta kushoto, stuli ya Otilia, na chai inayofunikwa kwa kisahani. Mzee Kikoti alisikiliza bila kusuka. Alipofikia habari ya kufukuzwa, mzee aliliweka tenga chini na kujifuta uso kwa ile leso, pini ikabaki kiganjani.

"Mzaha mzaha hutumbuka usaha," alisema. "Yule mtoto ndiye aliyekuwa ananisomea magazeti nilipofanyiwa upasuaji wa macho."

"Nipe niirudishe, basi."

Kiganja kikafumba. "Hapana. Usinikasirikie. Kilichochukuliwa msibani hakirudi bure. Kikirudi bure kinarudi na msiba wake, na wale watazikana tena kabla ya mavuno. Nakuazima wewe, ukaijaribu. Kesho nitaichukua mkononi mwako, na wenyewe waje wanikomboe. Kuku mmoja. Hata awe mgonjwa."

"Kwa Otilia nyumba inaungua, mtani, na wewe unadai kuku?"

"Ndiyo maana nadai," alisema Mzee Kikoti, naye hakuwa anatania. "Mngekuja na kuku siku ile, isingeungua."

*

Siku iliyofuata, asubuhi, wanaume walikwenda makaburini kusimika msalaba. Winfrida aliibeba stendi mpaka chumba alichougulia Mzee Gallus. Shingo hujaribiwa mahali ilipojifunzia mwisho. Ukiijaribu kwingine inababaika. Kitanda kilikuwa kimeondolewa godoro. Palikuwa na dirisha, stuli, na meza ndogo yenye kikombe cha bati cha bluu, ukingo wake umechunika.

Hakuipenda kazi hii, na hakuwahi kuipenda. Nyumbani kwake palikuwa na shingo ya mama yake, imefunikwa kanga, imegeuziwa ukuta. Wateja waliiona wakadhani inasubiri kutengenezwa. Haikuwa na ubovu wowote. Winfrida alikuwa mbali mama yake alipokuwa akiugua, na aliogopa kuiwasha akaikuta inatazama mlango.

Aliingiza pini, akafunga kifuniko, akabonyeza.

Kamera iliinuka taratibu kutoka kushoto ilikokuwa imelala. Ilikwenda dirishani ikakaa kidogo, ikaenda mlangoni, ikarudi dirishani. Winfrida alihisi nywele za shingoni zikimsimama, ingawa alishaona mamia ya hizi. Kilichokuwa kinaanguka jana sasa kilikuwa kinaangalia.

Otilia aliingia na ufagio, hakujua kwamba imewashwa. Kamera ikamwona. Iligeuka kumwelekea kwa upole, ikainama kidogo, ikatulia usoni pake. Ufagio ukaanguka.

"Ni yeye," Otilia alisema. "Kule sebuleni sikumjua. Nilijiambia kifo kimembadilisha. Lakini huyu ni yeye."

Kisha kamera ikamwacha. Ilikwenda mezani, ikasimama kwenye kikombe cha bluu. Ikarudi kwa Otilia, ikainama. Ikaenda kwenye kikombe. Ikarudi, ikainama. Haikuwa na haraka wala hasira. Ilifanya kama anavyofanya mtu mzima anayemwomba mtoto wake kitu, ambaye hataki kumsumbua, na ambaye hana njia nyingine.

Winfrida aliizima. Aliona aibu.

Otilia alikaa kwenye stuli. "Koo lilianza kumnyang'anya sauti," alisema, "halafu mikono ikafuata. Akabaki na macho. Mwanzoni nilidhani anataka maji. Nikampa, akaacha yamtiririke kidevuni. Nikampa uji. Nikampa maziwa. Baadaye nikaja kuangalia vizuri anachoangalia. Hakikuwa kikombe, dada Winfrida. Ilikuwa chupa ya matone ya maumivu iliyokaa nyuma ya kikombe. Nikawa natoka nje, nakwenda kufua nguo ambazo nilikwisha kuzifua. Nikirudi, bado anaomba."

"Usinimalizie," Winfrida alisema upesi. "Mdogo wangu, tafadhali. Mimi ndiye nitakayeandika cheti. Nisichokisikia siwezi kukiandika."

Huko nje majogoo waligombana, maana kuku wa Odilo walikuwa wengi kupita kiasi. Winfrida alifikiri kwa bidii, na alivyofikiri ndivyo alivyozidi kuchukia alichokijua. Jana alikuja na ukweli mdogo wenye manufaa: pini imekosekana, shingo inaanguka, mwanamke huyu hana kosa. Angeishia hapo! Sasa alikuwa ameirudisha pini, na shingo nzima ilikuwa imembebesha ukweli mwingine, mkubwa, usiomfaa mtu.

"Naweza kusema pini imepotea kabisa," alisema. "Mtani aliyeichukua, anayedai kuku wa kuikomboa, atanisaidia. Kikao hakitakuwepo."

"Na matanga hayataanuliwa. Nitazeeka humu watu wakifunika vikombe."

"Basi kuna njia nyingine. Kikao ni sebuleni, si humu. Ukikificha kikombe, shingo haitakuwa na pa kwenda. Watu wote watamwona anakutazama kwa upendo, kama alivyokutazama sasa hivi ulipoingia. Nitaandika cheti, na hakitakuwa cha uongo."

Winfrida alijisikia akilisema hilo, akajua kwamba alikuwa amekwisha kuamua, na kwamba angelala vizuri. Karibu vizuri.

Otilia alikuwa anakigeuza kikombe mikononi. "Na kikombe kisipokuwepo, atafanya nini?"

"Atakutazama. Ataangalia mezani, hataona kitu, atarudi kwako."

"Atatafuta."

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tuizime."

Otilia aliinamisha kichwa, na kwa kuinamisha kule Winfrida aliona alivyofanana na baba yake. Kisha akauliza jambo ambalo fundi hakulitegemea.

"Mtani anataka kuku jike au jogoo?"

*

Sebule ilijaa mchana ule. Watoto wa marehemu waliotoka mjini walikaa pamoja karibu na dirisha, yule mwenye miwani akiwa katikati. Watu wa Mbamba Bay walikaa kwenye mikeka. Shingo ilikuwa nyuma ya kiti cha Mzee Gallus, imelala kushoto, macho kwenye stuli tupu, maana Mzee Kikoti alikuwa amefika mapema, akachukua pini yake mkononi mwa fundi, akaketi karibu na mlango na kujikausha.

Odilo alifungua kikao kwa sala. Alipomaliza tu, Otilia aliingia kutoka uani. Kwapani alikuwa na kuku jike mwenye kisunzu, miguu imefungwa kamba. Alipita katikati ya watu, safari hii bila kuambaa ukuta, akapiga magoti mbele ya Mzee Kikoti.

"Mtani," alisema, "tulikukosea. Turudishie cha marehemu wetu."

Mzee alimpokea kuku, akampima uzito, akampuliza manyoya ya kifuani. "Kakonda. Mnamlisha nini, mahubiri?"

Shangazi mmoja wa Mbamba Bay alicheka kabla hajajizuia, akaziba mdomo na kanga, kisha akaanza kulia. Wengine wakafuata, kicheko na kilio vimechanganyika, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mwenye miwani aligeuka huku na huku akitafuta wa kumwambia aheshimu msiba. Hakumpata.

Winfrida aliipokea pini na kuiingiza. Aliikagua meza iliyokuwa mbele ya kiti: kitambaa, biblia, bakuli la karanga. Kikombe hakikuwepo. Alishusha pumzi, akabonyeza.

Kamera iliinuka. Sebule nzima ilirudi nyuma kidogo, maana hawakuwa wamewahi kuona inainuka. Ikatafuta dirisha, ikawapita watoto wa mjini, ikamwangalia Odilo kwa muda mfupi kama mtu anayemsalimu mdogo wake, ikaendelea. Ilipomfikia Otilia ilitulia, ikainama.

"Mnaona?" Winfrida alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia. "Pini ilikosekana, jamaa zangu. Mlichokuwa mnakiona kilikuwa chuma kimelegea. Mzee hakuwa na hasira na huyu."

Minong'ono ilizagaa. Odilo alivua kofia. Mtu mmoja alisema asifiwe Mungu. Kamera ilikwenda mezani, ikapekua kati ya biblia na karanga, ikarudi kwa Otilia, ikaenda tena mezani. Hakuna aliyelijali hilo isipokuwa wanawake wawili. Winfrida alinyoosha kidole kuelekea kitufe ili aizime. Ilikuwa imekwisha, kwa usalama, na ilikuwa karibu kuwa kweli.

"Acha, dada," Otilia alisema.

Aliingiza mkono ndani ya kanga aliyojifunga, akatoa kikombe cha bati cha bluu. Akakiweka mezani.

Kamera ilikiona. Ilisimama. Ikarudi kwa Otilia, ikainama, ikaenda kwenye kikombe. Ikarudi, ikainama. Mara hii watu waliona. Sebule ikawa kimya kiasi cha kusikika waya mdogo ukivuta na kuachia ndani ya kifundo.

"Anaonyesha nini?" Odilo aliuliza. "Otilia. Kaka anaonyesha nini?"

Otilia alikuwa anaongea na kamera. "Baba," alisema, "nilishakupa. Hukumbuki? Uliniomba siku nyingi nikakataa, halafu nikakupa. Ulikunywa. Ulinishika kidole. Nilishakupa, baba."

Kamera ikaenda kwenye kikombe. Ikarudi, ikainama.

Hakuna fundi aliyewahi kuzitengenezea shingo masikio, na siku hiyo Winfrida aliwalaani mafundi wote, na yeye mwenyewe akiwemo. Mtu aliyejibiwa huacha kuomba. Chuma hakikujua kwamba kimejibiwa. Kingeendelea kumwomba binti yule kifo ambacho alikwisha kumpa, vikao vyote, miaka yote, mpaka betri za dunia ziishe.

"Nilishakupa," Otilia alisema tena.

Odilo alisimama. Alikuwa mkubwa wa kikao, na wote walijua anasimama kusema nini, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Uso ulikuwa umemsawijika. Alifungua mdomo.

Lakini Mzee Kikoti alimtangulia. Alikwisha kumkabidhi mtu kuku, akavuka mikeka kwa magoti yake mabovu, akaketi katika kiti cha marehemu, ambacho tangu msiba hakikuwa kimekaliwa na mtu. Akachukua kikombe kitupu. Akakiinua, akakimimina mdomoni mpaka tone lisilokuwepo, akajifuta midomo kwa mgongo wa mkono. Aliposema, ilikuwa sauti ya Gallus Mbano, ile ya zamani kabla ya koo kuugua, nzito na ya puani kidogo, sauti aliyokuwa akiiigiza tangu ujana ili kumuudhi mwenyewe.

"Nimekunywa, mama," alisema. Gallus alimwita binti yake hivyo. "Imetosha. Keti upumzike."

Otilia alitoa sauti ambayo haikuwa neno, akakaa chini palepale alipokuwa.

Mzee Kikoti alipeleka mkono nyuma, akapapasa, akakivuta kifuniko na pini pamoja. Kamera ikaanguka kushoto. Pini ikaingia kwenye leso, leso ikaingia mfukoni. Naye machozi yalikuwa yanamshuka, mengi, yale yaliyokwama tangu kaburini.

"Nimekichukua tena," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Atakayekitaka aje na kuku."

"Mzee, huwezi," yule mwenye miwani alisema. "Tuko katikati ya..."

"Katikati ya nini? Bila shingo hakuna kikao. Si ndivyo, Odilo? Mnasema wenyewe. Hapa sasa kuna watu wamekaa tu. Msichana kazungumza na baba yake. Mambo ya mtu na baba yake si ya kikao. Ukitaka kikao, lete kuku."

Watu wote walimgeukia Odilo. Alikuwa bado amesimama, kofia mkononi. Nje ya mlango, kuku wake walikuwa wanapekua majani, wengi, wanene, mmoja alikuwa amepanda kizingitini kabisa na alikuwa anachungulia ndani. Angeweza kumkamata bila kusogea hatua mbili. Alimtazama kuku yule. Kisha akaitazama shingo iliyolala, ikikodolea stuli tupu kama ilivyokodoa siku zote zile, nayo sasa ilikuwa chuma kitupu.

Odilo aliketi.

"Otilia," alisema. "Nina kiu. Nipe maji."

Otilia aliinuka akishika meza. Aliangalia rafu ya glasi, akaangalia alichokuwa nacho Mzee Kikoti mkononi. "Nikupe kwa kipi, baba mdogo?"

Odilo alikiangalia kikombe cha bluu.

"Hicho hicho."

Alikwenda jikoni. Walimsikia anakiosha, anakisuuza, anachota mtungini. Winfrida alisimama na cheti chake kisichoandikwa. Otilia alirudi akakipeleka kikombe kwa mikono miwili, na goti lake likagusa mkeka.

Odilo Mbano alikishika. Aliyaangalia maji. Akayanywa yote, bila kupumzika, mbele ya ukoo mzima, akamrudishia kikombe.

"Niongeze," alisema.